Mwenye Begi Hapiti Mtu

Jumamosi, 6 Julai

Msimbati na kurudi. Miguu imekufa. Kwenye mchanga tulishuka, tukasukuma baiskeli kama wauza maji. Chilumba alivaa jaketi, kofia ya sufu na soksi mbili. Eti baridi. Kwetu Njombe mwezi huu majani yanaganda asubuhi, na watoto wanakwenda shule. Lakini nakiri, kipupwe cha huku ni kitamu. Hadi saa nne jua bado halijakuchoma. Mwaka mzima nasubiri miezi hii miwili.

Tulikula pweza, tukatazama mikoko upande wa mdomo wa Ruvuma, tukabishana kama kile ng'ambo ni Msumbiji au ni wingu. Murtaza alileta kachori za mkewe. Kitambi, pumu, na bado haachi kuimba akiendesha. Anauza vipuri vya baiskeli Mikindani, duka la babu yake. Bila yeye mimi na Chilumba tungeshauana zamani.

Leo begi lilikuwa zamu yake. Sheria ya Chilumba: mmoja wetu anakuwa mkia, anabeba begi moja lenye vitu vya wote. Simu, funguo, viraka, dawa ya Murtaza ya kuvuta. Mwenye begi hapiti mtu. Aliye mbele yako akisimama kukojoa, na wewe unasimama.

Jumatano, 10 Julai

Chilumba alipitia shuleni akitoka bandarini. Jumamosi twende Nanyamba kwa njia ya Naliendele, tuondoke saa kumi na moja alfajiri. Nikamwambia ni msimu wa salfa, watu wanapulizia mikorosho unga wa kuzuia ukungu. Akasema tutapita kabla hawajaanza.

Uongo. Salfa inapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili vumbi lishike. Yeye anajua, mama yake ana mikorosho. Mimi najua, nina miaka tisa huku. Ningeendelea kubisha, ila akaongeza: "Ntu nzima wa milimani unaogopa vumbi, Mwalimu? Sema tu unaogopa kilima. Pale hunipati."

Miaka arobaini na moja, na maneno ya kitoto kama hayo yamenikosesha raha siku nzima. Nitamwonyesha.

Jumamosi, 13 Julai

Murtaza amekufa. Wamemzika Mikindani baada ya alasiri.

Jumapili, 14 Julai

Niandike ilivyokuwa. Hakuna atakayesoma.

Begi lilikuwa zamu yangu. Murtaza alitumbukiza dawa yake mwenyewe, tukacheka kitu sikumbuki nini. Baada ya Naliendele tulianza kusikia mashine za kupulizia mashambani. Kisha tukaliona vumbi lenyewe, la njano, limelala barabarani bila upepo. Tukajifunga vitambaa puani. Murtaza akaacha kuimba. Akapunguza mwendo, akashusha mguu, akanipungia mkono. "Tangulia, Mwalimu, nakuja."

Chilumba alikuwa ameshaanza kupanda kilima. Niliona mgongo wake. Nikampita Murtaza.

Basi. Hakuna zaidi. Nilimpita.

Juu Chilumba alinishinda hata hivyo. Tukakaa kwa mama wa chai, tukanywa, tukataniana. Robo saa. Kisha Chilumba akasema anarudi kumwangalia, mimi nibaki. Akaondoka mikono mitupu. Simu zetu zote zilikuwa begini kwangu, hakuna aliyeweza kumpigia mwenzake. Nikaagiza chapati.

Alimkuta amekaa chini, mkulima mmoja anampepea kwa gunia. Walimpakia kwenye pikapu ya watu. Hakufika kwa daktari.

Chilumba aliporudi kuniambia, alikuwa na unga wa njano kwenye nyusi. Akauliza: "Dawa yake haikuwemo humo?"

Nikasema haikuwemo.

Jumanne, 16 Julai

Msibani. Sisi wanawake ndani, kisomo kinaendelea. Shamim, mjane wake, amekaa ukutani, hana machozi tena. Kila anayeingia anamwambia lilelile. "Mimi ndiye niliyesahau kumwekea dawa. Kila siku namwekea. Siku ile nilikuwa na mtoto, hata sijui niliiweka wapi."

Alinishika mkono mimi pia, akaniambia. Dawa ilikuwa ndani ya mkoba wangu, kwenye paja langu. Sijui kwa nini niliibeba. Nilisema pole. Nikanywa chai yao.

Najichukia.

Ijumaa, 19 Julai

Nimeisikia kwa mwalimu mwenzangu anayekaa jirani nao. Mama mkwe hamsemeshi Shamim. Anapeleka chakula, anaweka mlangoni, anaondoka. Amesema mbele ya watu kwamba eda ikiisha Shamim arudi kwao Lindi. Mwanamke aliyeshindwa kumwekea mwanawe kitu cha kutosha kiganjani hakai nyumbani kwake. Mtoto atabaki.

Mtoto ana miaka miwili.

Jumamosi, 20 Julai

Hakuna safari. Asubuhi nzuri kuliko zote za mwaka huu. Nilisimama mlangoni kwangu Likombe nikaichukia.

Jumatano, 24 Julai

Chilumba alikuja. Hakukaa. Alisema hata yeye alikimbia, na kwamba njia aliichagua yeye. Analia vibaya, mtu mkubwa vile. Nilitaka kumwambia. Nikamwambia ale.

Akiwa mlangoni akasema: "Mimi niliona Murtaza anatia kitu begini asubuhi ile. Labda ilikuwa funguo." Hakunitazama. Amenipa nafasi, na mimi nikafunga mlango.

Njia ya mwongo fupi. Nawaandikia watoto ubaoni.

Ijumaa, 26 Julai

Sijalala vizuri wiki nzima. Nimejaribu kila hesabu. Hata ningekuwa naye, labda. Vumbi lilikuwa jingi, labda. Lakini Shamim hana labda yoyote. Yeye wameshamhukumu, kwa kosa langu, na mimi naendelea kusahihisha madaftari.

Jumapili, 28 Julai

Sikwenda kanisani. Nilikwenda Mikindani.

Shamim alikuwa peke yake chumbani, mtoto amelala. Nilikaa kwenye mkeka nikaitoa dawa, nikaiweka chini kati yetu. Nikasema yote. Zamu yangu, kilima, chapati. Na jibu nililompa Chilumba.

Aliuliza kitu kimoja. "Aliiomba?"

Nikasema sijui. Nilikuwa mbali.

Kisha akaita, sauti ya kawaida kabisa: "Mama, njoo. Mwalimu ana neno." Bibi, mama wa Murtaza, akaja akasimama mlangoni, hakuvuka kizingiti. Shamim akaniambia: "Rudia. Kama ulivyoniambia mimi, usipunguze."

Nikarudia. Mara ya pili ni mbaya zaidi.

Bibi aliingia, akainama, akaiokota. Akaitikisa karibu na sikio. "Imejaa," akasema. Si kwangu, si kwa mtu.

Akakaa mkekani. Baadaye akasogea, akapapasa nafasi pembeni yake, na Shamim akaenda kukaa hapo. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenitazama. Nikavaa viatu.