Wimbo wa Kupuria Mtama Umefika Mlangoni mwa Kanisa

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kama mwandiko wangu unakimbia unisamehe, maana tangu Jumamosi ya tarehe 14 Julai sijatulia, na leo tarehe 24 ninapoandika haya wimbo ule bado unanipiga kichwani kana kwamba ndiyo kwanza nausikia. Mimi ni mwalimu wa shule hapa Iramba, chini kidogo ya mteremko wa Sekenke, nina miaka ishirini na sita, nilisoma hadi darasa la kumi, na ni mwandishi wa kwaya ya usharika wetu. Huandika shajara kila jioni, kwa hiyo tarehe ninazokupa ni za hakika.

Siku hiyo ya 14 tulikuwa tukipura mtama nyumbani kwa Mzee Lazaro, ambaye ameimba sauti ya chini katika kwaya yetu kwa miaka thelathini na ni mmoja wa watu wa kwanza kubatizwa huku kwetu. Kwetu mtu akifika uwanjani watu wanapura hasimami akatazama, huchukua fimbo akaingia mstarini, awe mgeni, awe Mwislamu, awe mwalimu mwenye viatu, basi nami nikavua viatu nikaingia, na mara Lea, mjukuu wa mzee, binti wa miaka kumi na sita, akaanzisha wimbo wa kupuria, sauti ile ile ya Kinyiramba ambayo bibi zetu waliimba, ila maneno yalikuwa yake mwenyewe, ya kumshukuru Mungu. Aliita, “Mvua ilichelewa,” nasi kabla ya kufundishwa tukajikuta tunaitika, “Bwana hukuchelewa,” fimbo zikashuka pamoja, mistari miwili ikitazamana, mmoja ukiinua na mwingine ukipiga, na nakuambia Mshauri, nimefundishwa nyimbo za noti kwa miaka mingi lakini sijapata kuona watu arobaini wakiimba sauti nne bila mtu kuwagawia sauti. Bibi Dina, mke wa mzee, ambaye sijawahi kumsikia akipiga kigelegele, alipiga viwili. Jirani yao Stumai, ambaye ni Mwislamu, alisema, “Lea, wakikukataza huko kanisani kwenu, uje uniimbie mimi, nina magunia sita ya uwele hayajapurwa.” Watu wakacheka hadi mstari ukavunjika.

Mzee Lazaro alikuwapo, ameshika fimbo yake. Wimbo ulipokwisha alimwuliza mjukuu wake, “Nani kakufundisha kuita hivyo?”

“Hakuna, Babu. Umenijia tu.”

“Pumzi unaivuta mapema mno. Ngoja fimbo zishuke kwanza.”

Akaendelea kupura.

Jioni ile niliandika katika shajara kwamba wimbo huu lazima uimbwe kanisani siku ya Sikukuu ya Mavuno, Jumapili tarehe 26 Agosti, watu wakileta vikapu vya nafaka mbele, na kwamba ni lazima vijana wetu watiwe moyo, kwa sababu wamekuwa wakikaa nyuma kabisa wakifungua vinywa bila sauti, nyimbo zikiwa zile zile zilizoletwa na wamisionari, nzuri lakini si zao. Nilifanya kazi kwa utaratibu. Tarehe 17 Lea aliniandikia maneno yote katika karatasi. Tarehe 19 nilimwona mchungaji, akafurahi, akasema niendelee. Tarehe 20 nilipitia kitabu cha ubatizo, nikachagua waimbaji ishirini, wote chini ya miaka ishirini na mitano, na tarehe 21 nikabandika orodha kwenye mlango wa kanisa, kichwa chake “Waimbaji wa Sikukuu ya Mavuno”, kwa herufi kubwa. Mzee Lazaro alifika, akavaa miwani, akashusha kidole jina kwa jina hadi mwisho, kisha akakirudisha juu, akashuka tena.

“Mwandiko wako mzuri, Mwalimu,” aliniambia.

Nikamshukuru.

Kesho yake, Jumapili tarehe 22, katika baraza la wazee alisimama akasema wimbo wa uwanja wa mtama haufai kanisani, kwamba walipobatizwa nyimbo hizo waliziacha nje ya mlango, na kwamba ukiimbwa yeye atatoka, na wazee wenzake wakasema nao watatoka naye. Mchungaji amesema tupatane sisi kwa sisi, la sivyo wimbo hautaimbwa. Na jana Lea aliniomba karatasi yake. “Mwalimu, nirudishie,” alisema. “Babu akitoka kanisani kwa ajili yangu, sitaimba tena, hata nikienda kuchota maji.” Nilimwomba anipe siku chache, akakubali bila kuniangalia.

Mshauri, mzee huyu alimsahihisha pumzi kwa kinywa chake, leo anaukataa wimbo wenyewe, simwelewi. Nimefikiria nimwombe mchungaji atoe amri, au tuimbie nje baada ya ibada, au nimwandikie mzee barua yenye hoja zangu kwa mpangilio. Hoja ninazo saba. Nifanye lipi? Sikukuu inakuja na mimi siwezi kuuondoa wimbo huu kichwani.

Ni mimi mwenye kiherehere cha furaha na hofu pamoja,
Mwandishi wa Kwaya, Iramba


JIBU

Ndugu Mwandishi wa Kwaya,

Nimekutumia jibu hili kwa posta pia, usije ukangoja gazeti huku siku zikienda.

Kwanza nikupongeze. Nimesoma maneno ya binti huyo kwa sauti hapa mezani, na mwenzangu wa chumba cha pili akaitika bila kuombwa. Wimbo mnao. Usiuache.

Sasa nikukemee. Umejaza kurasa tatu kwa habari za wimbo, na shida yako yote imo katika karatasi moja uliyoibandika wewe mwenyewe. Mtu ameimba miaka thelathini. Anafika mlangoni mwa kanisa lake, anavaa miwani, anatafuta jina lake, halipo. Anatafuta tena, kwa sababu hakuamini. Kisha anakusifu mwandiko, nawe unamshukuru! Mwalimu, mzee akikuambia mwandiko wako mzuri na asiseme neno juu ya kilichoandikwa, hajakusifu. Shajara yako ina tarehe zote, lakini jibu ulilipita tarehe 21 bila kuliona.

Na ulifanya kosa ambalo mtu wa kwenu hakupaswa kulifanya. Wewe mwenyewe umeniambia kwamba uwanjani kwenu kila anayefika hupewa fimbo, hata mgeni, hata Stumai asiye wa kanisa lenu. Halafu ukauchukua wimbo wa uwanja huo, ukaupeleka kanisani, ukamnyima fimbo mwenye uwanja. Umetaka kuwatia vijana moyo, vema, lakini hukuwatia moyo kwa kuwapa wimbo peke yao. Wimbo ule ulikupendeza kwa sababu Bibi Dina alikuwamo, na mzee alikuwamo, na Lea alikuwa mbele yao. Ishirini walio chini ya miaka ishirini na mitano wakisimama peke yao watakuwa nusu ya uwanja, mstari mmoja unaopiga bila mwingine wa kuinua.

Lakini usidhani maneno yake ya barazani ni kisingizio kitupu. Watu wa rika lake waliacha mambo mengi ili wapite mlango ule, mengine waliyapenda sana, na hakuna aliyewauliza kama wanaumia. Leo unayarudisha ndani bila hata kuwabishia hodi. Akikuuliza, na akikuuliza tu, mwambie kwamba mtama utakaowekwa mbele ya madhabahu tarehe 26 ni ule ule uliopurwa kwa wimbo huo, na kama Mungu anaipokea nafaka, huenda hataukataa wimbo ulioitoa katika masuke. Sema hivyo mara moja, kwa sauti ya kijana, si ya darasani. Zile hoja saba zichome.

Amri ya mchungaji usiiombe. Itamtoa mzee kanisani hata kama mwili wake utabaki kwenye benchi. Kuimbia nje pia acha, maana mtakuwa na makanisa mawili penye mlango mmoja.

Fanya hivi. Leo hii nenda ukaibandue orodha kwa mkono wako, mchana, watu wakikuona. Kesho asubuhi nenda kwa Mzee Lazaro. Usibebe karatasi wala kalamu. Kama wanapura, vua viatu, chukua fimbo, ingia mstarini, upure mpaka wapumzike. Mwamkie vizuri. Kisha umwambie, “Babu, nimekukosea. Nilikuacha nje,” na hapo ufunge mdomo. Usieleze ulivyokusudia. Atakapokujibu, hata kama ni kwa kukugombeza, mwombe akufundishe mahali pa kuvuta pumzi, kwa sababu Lea aliambiwa anaivuta mapema, nawe kwa noti zako zote hukulijua hilo. Mazoezi yafanyeni nyumbani kwake, si shuleni. Mstari mmoja wawe wazee, mstari mwingine vijana, wakitazamana, na Lea aite. Usimnyang'anye binti kuita ili umpendeze babu. Babu mwenyewe hatapenda.

Mbele ya babu yake mwambie Lea kwamba kosa lilikuwa lako, halikuwa la wimbo wake. Hili ni la lazima kuliko yote. Binti wa miaka kumi na sita akiamini kwamba sauti yake inavunja nyumba, atainyamazisha, na mtakaa miaka thelathini mkiwatafuta waimbaji.

Na kama baada ya haya yote mzee bado anasema hapana? Basi mwaka huu imbeni uwanjani kwake, na mngojeeni. Ila mimi sitarajii hivyo. Mtu anayeuchukia wimbo hausikilizi mpaka mwisho, wala hajali mwimbaji anavuta pumzi wapi.

Jumapili ile usikae nyuma ukihesabu waliokuja. Shika fimbo uimbe. Ukirudi nyumbani jioni, andika katika shajara yako jina la mtu aliyekuwa wa mwisho kuacha kuitika. Uniletee jina hilo kwa barua fupi, ingawa nadhani ninalijua.

Mshauri wako