Ekari Kumi na Mbili

Jumatatu, 8 Februari 1971
Kugawanya tena. Darasa la Sita wanapiga miayo. Kitabu kinauliza habari za treni mbili — hapa Kebirigo nani ameona treni? Kesho nawapa hadithi.

Jumanne, 9 Februari
Mzee amekufa, ameacha ekari kumi na mbili na wake wawili. Wa kwanza ana mtoto mmoja wa kiume, wa pili watatu. Wagawieni. Darasa zima likaamka! Wakataka kujua mzee aliugua nini, na ng'ombe je? Nikangoja jibu la tatu tatu. Wakaleta sita kwa yule mmoja, mbili mbili kwa wale watatu. Shamba hugawanywa kwa nyumba, wakasema, kila mama nusu yake — kwani Mwalimu si Mkisii? Ni Mkisii. Nilikuwa kwenye hesabu, nikasahau kwetu.

Mmoja tu aliandika tatu: Nyanchera, msichana ambaye tangu Januari hajafungua mdomo. Nikampa tiki, wengine wote kosa. Wakampigia makofi.

Alhamisi, 11 Februari
Nyanchera kapata kumi kwa kumi. Mkono juu kila swali. Nimefurahi, sifichi.

Ijumaa, 12 Februari
Baba yake, Mzee Angwenyi, amekuja shuleni na fimbo yake. Kumbe ana wake wawili! Nyumba ya kwanza mtoto mmoja wa kiume; kwa mama yake Nyanchera, watatu. Kweli sikujua. Jumapili wazee wanagawa shamba, kabla watu wa serikali wa kupima ardhi hawajafika, na mama Nyanchera ameikataa nusu yake, anataka kila mtoto wa kiume apate sawa. Anawaonyesha majirani daftari lenye tiki yangu.

Mzee hakupandisha sauti. "Mwalimu, wewe kuja Jumapili useme mbele ya wazee ulikosea. Kama hapana, huyu mtoto hatarudi kwa shule."

Nikauliza, na kama hesabu ni sahihi?

"Sahihi ya nani?"

Nikamsindikiza hadi barabarani, tukazungumza habari za mvua.

Jumapili, 14 Februari
Sisi Wasabato kanisa lilikuwa jana, kwa hiyo leo sina kisingizio. Nikisema nilikosea, Nyanchera atarudi darasani akijua mwalimu wake ni mwongo. Nikisema sikukosea, atabaki kuchuma chai. Nimeipiga hesabu hii tangu Ijumaa, haitoki. Naogopa, basi.

Wazee wamekwisha kukaa. Nawasikia ng'ambo ya kijito. Wamemtuma mtu aniite — wamemtuma Nyanchera! Yuko mlangoni ninapoandika haya, daftari kwapani. Ameuliza polepole, "Mwalimu, utasema ile ya kitabu ama ile ya nyumbani?"

Nimemwambia angoje kidogo, navaa viatu.

Viatu nimevaa tangu asubuhi, na anaviona.