Kambale wa Nani

Jumatatu, 10 Machi
Umeme ulirudi, nikasasisha Linux, mfumo unaoendesha kompyuta ya kaka yangu Assani. Sauti imekufa. Assani alipoteza macho utotoni, wakati wa vita ile ya kwanza. Kompyuta humsomea matangazo sikioni, naye huyasema redioni: waliokimbia Kivu wanatafuta ndugu zao. Sauti hiyo niliirekebisha mwenyewe iseme "mutoto" kama nyumbani. Sasa lazima niijenge upya.

Jumanne, 11 Machi
Inakataa. Kompaila, programu inayogeuza maandishi yangu yawe kitu cha kutumika, inafika mwisho kisha vipande havishikani. Nimerudia hadi nimechoka.

Jumatano, 12 Machi
Bado. Mkuu wa redio amesema ikifika Jumamosi bila sauti, atasoma mwingine. Assani hakugusa sahani yake ya sombe. "Sitaki muntu anisomee," alisema, basi. Namchukia aliyefungasha vifurushi hivi vya programu. Huko aliko umeme haukatiki.

Alhamisi, 13 Machi
Nilikwenda kununua mafuta kwa Mama Kavira, mwenye duka kutoka Butembo. Alikuwapo mwanamke aliyekimbia vita Lubero, Mama Masika. Anamtafuta mwanawe Kambale, walipotezana njiani.
"Kambale wa nani?" Mama Kavira akamwuliza. "Kwetu kila nyumba iko na Kambale."
Nilirudi bila mafuta, swali lile kichwani.
Kompaila ninazotumia ni mbili, ya lugha ya C na ya lugha ya C++, nami naziita kwa majina mafupi tu. Nikaziuliza namba za matoleo yao. Ya C ni kumi na nne. Ya C++ ni kumi na mbili. Waliofungasha walileta moja mpya, nyingine wakaiacha ya zamani. Nusu ya sauti ilijengwa na hii, nusu na ile. Nikaziita upya kwa jina na namba, zote kumi na mbili. Kazi ikaanza kwenda vizuri.
Umeme ukakatika. Nililia, sioni haya.

Ijumaa, 14 Machi
Imejengwa. Ikasema "mutoto." Assani alinishika kichwa akakaa hivyo.

Jumapili, 16 Machi
Jana alisoma matangazo yote. La Mama Masika alilisoma mara mbili, na jina la mama alilisema polepole.
Leo nilikuwa naye redioni, kijana akabisha mlango. Amevuka mto kutoka Alunguli, ng'ambo. Anaitwa Kambale.
"Kambale wa nani?" Assani aliuliza.
"Wa Masika. Ya Lubero."
Assani akaniambia nimwite mama yake. Nilikwenda mbio. Viatu nimeviacha redioni.