Kioo Chini ya Kitambaa Cheusi

Dada mpenzi,

Salamu hizi zikukute mzima, wewe na shemeji na watoto. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, ila kusema hajapunguza. Kamera ya Baba bado anaiita mke mwenzake, na aliposikia umeipatia mnunuzi alicheka, kisha akaingia jikoni na hakutoka upesi.

Uliniuliza kama Baba bado anaweza kuitumia, ili umjibu yule mtu. Sikuwa na hakika, basi Jumapili nikamwomba anipeleke kwenye bwawa la msituni.

Umesahau, Dada, jinsi kazi ile ilivyo ya polepole. Mimi nilibeba lile sanduku la mbao na miguu yake mitatu, Baba akatangulia na fimbo, kushikwa mkono hataki katakata. Tulipofika alikaa juu ya gogo akausikiliza upepo. Alisema majani yakitikisika picha itakuwa uji, kwa hiyo tungoje. Tukangoja. Jua likapanda taratibu kwenye miti, maji yakatulia, na mimi niliyekuja na haraka zangu za mjini nikajikuta sina pa kwenda wala sitaki kwenda. Ilikuwa raha hata sijui nikuelezeje.

Kisha akajifunika kitambaa cheusi, akakaa humo kitambo, huku akisogeza lenzi mbele na nyuma. Akawa ananisimulia anachokiona kwenye kioo cha nyuma: miti inaning'inia kichwa chini, maji yako juu badala ya mbingu, na ule mzizi uliopinda unang'aa upande wa kushoto. Nilifurahi mno. Nilishapanga kukuandikia kwamba daktari wa macho alikosea.

Akatoka, akanipisha nami nitazame. Dada, kioo kilikuwa giza tupu. Kifuniko cha lenzi kilikuwa hakijatolewa.

Nilikivua kwa vidole viwili, asisikie, nikarudi chini ya kitambaa. Kila kitu kilikuwapo, hata mzizi, upande uleule aliousema. Nililia humohumo, maana humo hakuna anayekuona. Nilipotoka nilimwambia ni kweli, pamependeza. Aliuliza kama mzizi umetoka vizuri. Nikasema nimesogeza lenzi kidogo tu. Akasema basi nipige mimi.

Wakati wa kurudi aliifunga fimbo pamoja na miguu ya kamera, akaniwekea mkono begani, na hakuuondoa mpaka nyumbani.

Basi jibu lako ni hili: Baba haoni tena, na kamera haiuzwi. Mwambie huyo mtu atafute nyingine.

Mama anakusalimu, na anasema upunguze chumvi. Nibusie watoto. Picha ya bwawa nimeiweka humu. Wakiuliza nani kaipiga, waambie ni babu yao.

Ndimi mdogo wako,
Kitindamimba