Mwewe wa Jumbe

Temeke, Alhamisi usiku

Kumbe hakuelewa! Shairi la mwewe nililitunga kumsema Jumbe wetu, anayewachapa watu viboko na kuwanyang'anya kuku wao. Leo nimelisoma arusini bila kujua kwamba naye yupo:

"Mimi mwewe wa angani, sheria ni kucha zangu."

Watu wakainama kuficha vicheko. Jumbe akasimama. Nikajua nimekwisha.

"Mwalimu, huyo ni mimi kabisa! Lakini mbona anakula kifaranga mmoja tu? Ongeza! Jumamosi Bwana Shauri anakuja kutoka boma, utamsomea."

Nimemwongezea mwewe mitetea wawili na jogoo. Mke wangu kacheka mpaka kanga ikamdondoka.

Mie sicheki. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, Kiswahili anakijua. Nahofia naye atasema mwewe ni yeye, na Jumbe hatakubali.