Vikanyagio vya Pikipiki ya Theluji

Kaka Hamadi,

Vile vikanyagio vimefika. Ulikuwa ukiviulizia kila asubuhi, navyo vikaja siku chache tu baada ya sisi kukusindikiza uwanja wa ndege wa Doha, wewe ndani ya sanduku, mimi nimeshika pasipoti yako kana kwamba bado utaihitaji. Nilipofungua boksi nikaona yale mabamba ya aluminiamu, yenye matundu mapana na meno ya kuzuia buti lisiteleze, niligeuka kukuita. Nikasema, "Kaka Ha..." Nikalifunga tena lile boksi.

Bwana Nasser, mwenye ile pikipiki ya theluji, alikuja siku hiyohiyo kutoka Al Wakrah. Hakuwa na habari. "Wen Hamadi?" akauliza, Hamadi yuko wapi. Nikamwambia ni moyo, kwamba ulijilaza baada ya adhuhuri chumbani kwetu Muaither na hukuamka. Alikaa juu ya tairi kuukuu, na kanzu yake nyeupe, bila kujali vumbi. Kisha akasema ataipeleka kwa fundi mwingine, maana inapakiwa melini karibuni kwenda kwenye milima ya baridi, na yeye alikuamini wewe. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia, "Hii ni kazi ya Hamadi. Niachie niimalize."

Akaniachia.

Nilitoboa ribiti za zamani, zile pini za kubania, moja baada ya nyingine, nikavua vikanyagio vile vyembamba vya mwanzo. Kipya cha kushoto kilikaa vizuri. Cha kulia kikanigomea, matundu ya bolti hayakukutana kabisa. Nilishainua nyundo, kaka. Nikakusikia: "Bwana mdogo, nani anakufukuza?" Nikaishusha. Nikalegeza bolti zote, nikazipachika upya bila kukaza hata moja, halafu nikaanza kukaza za katikati nikielekea pembeni, kama ulivyokuwa ukifanya kwenye Land Cruiser. Bamba likalala mahali pake. Nikalia pale chini nikiwa nimeegemea pikipiki, na kwa jasho lile la Doha hakuna aliyejua.

Unakumbuka siku tulipochukua barafu kwenye friza ya jikoni? Uliisaga kwa nyundo ndani ya gunia, ukaimwaga juu ya vikanyagio vya zamani, ukaniambia nipande. Ulitaka kuona kwa nini Bwana Nasser analalamika kuteleza. Barafu ikajaa kwenye vile vitundu vidogo, mguu ukaniponyoka, ukanidaka kwa kola. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Nje tunaiva, humu ndani tunateleza!" Kisha ukatazama maji yakitiririka sakafuni, ukasema, "Theluji yenyewe nitaiona siku moja." Ulisema kama mtu anayesema kesho atakwenda sokoni.

Bwana Nasser ametuma video kutoka huko milimani. Amesimama juu ya vikanyagio, anapanda mlima, theluji inaruka pande zote. Anaizima pikipiki, anainua buti, anaonyesha bamba: safi, theluji yote imepenya chini. Halafu anataja jina lako na kukuombea rehema. Kaka, theluji ni nyingi kuliko tulivyodhani. Na inaanguka bila sauti. Hilo ndilo nilitaka kukwambia kuliko yote, na sina wa kumwambia.

Kitandani kwako sasa analala Mkenya mmoja, mtu wa Mombasa, mlinzi kwenye majumba ya The Pearl. Ni mtu mwema, ananikaribisha chakula. Lakini akikohoa usiku nakasirika, kwa sababu si kikohozi chako.

Likizo yangu imekubaliwa. Nitashukia kwenu Tanga kwanza, kabla ya kwenda kwetu Morogoro. Nitakusomea Fatiha kaburini, kisha nitakwenda kwa shemeji, nikae na binti yako Zulfa. Ulimwacha ananyonya, amekujua kwenye simu tu. Anaijua sauti yako, anaijua sura yako ndogo kama kiganja. Hajui kwamba ulikuwa mrefu, kwamba ulikuwa ukiinama kupita mlango wa chumba chetu. Nakuahidi hili: nitasimama penye fremu ya mlango wao, nipime kwa mkono juu ya kichwa changu, pale macho yangu yalipozoea kukutazama, nichore alama. Awe anajua baba yake alifika wapi.

Pumzika, kaka yangu. Mungu akupe nafasi pana huko uliko.

Mdogo wako,
Idi