Bomba Linalopita Chini ya Mama

Kabambare, 3 Oktoba 2024

Yaya Olga,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji Hippolyte na watoto. Sisi wazima. Rezo ya simu imekufa tangu radi ilipopiga mnara, ndiyo maana nakuandikia barua hii, ataibeba Pitchou motari kwa pikipiki yake.

Yaya, bomba la chemchemi limefika nyuma ya nyumba yetu. Ili lifike maternite, kule wamama wanakojifungulia, lazima lipite pale alipolala mama. Mkubwa wa kazi alitaka mtaro, nikamkatalia. Nataka kutoboa tundu mita tatu chini, kutoka upande huu hadi ule, kisha tuvute bomba ndani yake bila kugusa kaburi. Wewe ndiye dada yetu mkubwa, naomba neno lako.

Mdogo wako,
Wenceslas

Kasongo, 8 Oktoba

Ndugu yangu Wenceslas,

Barua imefika. Hatujambo, ni magoti yangu tu yanayolalamika. Niliisoma sokoni nikalia, hata Safia wa mafuta ya mawese akadhani tumefiwa.

Mita tatu nimesikia. Na likikwama katikati? Nakujua, utasema "iko bien" mpaka mambo yaharibike. Niambie linahitaji nguvu kiasi gani na mashine yenu inaweza kiasi gani. Na likikwama, hakuna kuchimba juu ya mama. Mtalizungusha bomba nyuma ya kilima.

Yaya yako,
Olga

Kabambare, 14 Oktoba

Yaya,

Pole na magoti. Huku tunakula vizuri, usiwe na wasiwasi.

Tirifori yetu, ile mashine ya mkono ya kuvutia kebo, mwisho wake kilo mia nane. Bomba la mita arobaini likiwa tupu linaelea kwenye tope la tundu na kusugua dari, na tope nalo linalishika. Nimepata karibu mia sita na hamsini. Tukilijaza maji halielei sana, nguvu inashuka hadi karibu mia tano. Ruphin, mwenzangu, alinicheka: "Chef, unaongeza buzito juu ikuwe mwepesi?" Nikamchorea, akaenda kuchota maji.

Ninachoogopa ni udongo kubomoka ndani na kulikaba bomba. Hilo hesabu hailioni. Kwa hiyo kipimo cha kwenye kebo kikifika mia saba na hamsini, nalirudisha nyuma, tutazunguka kilima, na maternite itangoja mwaka mwingine. Nakuahidi. Tunavuta Jumamosi.

Mdogo wako,
Wenceslas

Kasongo, 17 Oktoba

Wenceslas,

Natumaini hamjambo. Binti yangu Chancelle amejifungua jana, mtoto wa kike, wote wazima. Walimwogesha mtoto kwa maji mengi, nikawafikiria wamama wa kwenu wanaozaa na ndoo moja tu chumbani. Nikaona aibu.

Likikwama, chimbeni. Nitakuja mwenyewe na padri, tutamlaza mama upya. Nilikuwa mkali kwa sababu namkumbuka sana. Nimemwomba Pitchou akimbize barua hii.

Yaya yako,
Olga

Kabambare, 20 Oktoba

Yaya Olga,

Hongera kwa mjukuu, mbusu kwa niaba yangu. Pitchou alikwama matopeni njiani. Barua yako nimeipata leo baada ya misa, na tulivuta jana.

Tulianza vizuri, mia nne na themanini. Chini ya mama kipimo kikapanda, mia sita, mia saba. Hatukuweza kupumzika, maana bomba likisimama tope linalibana zaidi. Ruphin alikuwa akiangalia uso wangu, si kipimo. Kilipofika mia saba na arobaini nikainua mkono kusimamisha, na kabla sijasema neno kikaanza kushuka. Kichwa cha bomba kilitokea upande wa pili, kwenye mipapai, kikiwa na tope tupu. Watu walipiga makofi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikalia mbele ya vibarua. Jana yote nilidhani nikishindwa nitawakosesha wamama maji au nitakukosea wewe. Kumbe ulikuwa umeshaniruhusu nichimbe.

Jumatano maji yanafunguliwa maternite. Magoti yakikuruhusu, njoo na Chancelle na mtoto. Mama yuko palepale tulipomlaza.

Mdogo wako,
Wenceslas